Shule ya lugha mbili ya wanangu: mpaka darasa la tatu safi sana, shida inaanzia la nne

Wazazi wenzangu, kuna swali nakutana nalo kila mara, ati hizi programu za lugha mbili mashuleni zinafanya kazi kweli au ni maneno ya kwenye bango tu. Mwanangu mkubwa yupo kwenye programu ya hivyo tangu chekechea na sasa yuko madarasa ya juu, mdogo wake naye kaingia hapo hapo, kwa hiyo nimeiona tangu mlango wa kuingilia mpaka kule inakoanza kukwama. Nyota nne na nusu kwa madarasa ya chini, nyota mbili kwa madarasa ya juu, na nitaeleza kwa nini tofauti ni kubwa hivyo. Shule siitaji, na lugha zenyewe sizitaji pia manake ninachosema kinahusu jozi yoyote ile, moja ya nyumbani na moja ya pili ambayo ndo ya mitihani mikubwa na makaratasi ya maofisini.

Siku ya kuandikisha wanakwambia nusu kwa nusu. Asubuhi masomo kwa lugha ya nyumbani, baada ya mapumziko mwalimu mwingine anaingia na lugha ya pili, na wiki inayofuata wanageuza ili hisabati isibaki lugha moja mwaka mzima. Huu mtindo una umri. Mwaka 1963 shule ya msingi ya Coral Way kule Miami, Marekani, ilianza hivi hivi, familia nyingi za Kuba zilikuwa zimehamia pale baada ya mapinduzi ya 1959, basi watoto wa Kihispania na watoto wa Kiingereza wakawekwa shule moja, kila mtoto nusu siku anasoma kwa lugha yake na nusu siku kwa lugha ya mwenzake. Pesa ya kuanzia ilitoka kwa taasisi ya misaada ya Ford Foundation na baadhi ya walimu walikuwa wakimbizi wenyewe. Kilichonivutia mimi kwenye habari za ile shule ni kwamba walimu wa lugha mbili walikuwa wanakaa pamoja kupanga masomo, na hicho ndo kitu cha kwanza kukiangalia kwenye shule yoyote inayojiita ya lugha mbili. Walimu wawili wasioongea wao kwa wao ni shule mbili ndani ya chumba kimoja.

Hapa kwetu madarasa ya chini wanaongea, na inaonekana. Siku ya wazazi kukaa darasani niliona somo la ujazo, la pili hao. Asubuhi mwalimu kaleta ndoo ya maji na vyombo vya kila umbo, kirefu chembamba, kifupi kipana, watoto wanabisha kipi kinabeba maji mengi, wanamimina, wanalowa, wanabisha tena. Mchana mwalimu wa pili hakuanza upya na wala hakutafsiri cha asubuhi, kavikuta vyombo mezani kaendelea na vipimo, lita na mililita, kwa lugha ya pili, na watoto wakaenda naye manake jambo lenyewe walishalielewa, walichokuwa wanahitaji ni maneno mapya tu ya kulisemea. Binti mmoja alikwama, kajua jibu ila sentensi haitoki, akanyanyuka akachukua kile chombo kifupi kipana akakimimina mbele ya wote, mwalimu akampa sentensi, akairudia, somo likaendelea. Hakuna aliyemcheka na hakuna aliyemkaripia kwa kuropoka neno la lugha ya nyumbani katikati. Kwangu mimi dakika zile zilinionyesha mengi kuliko karatasi zote tulizopewa ofisini.

Jim Cummins, mtaalamu wa Kanada, alilieleza hili tangu miaka ya 1970, kwamba chini ya lugha mbili za mtoto kuna hazina moja ya maarifa, ukimjengea kitu kwa lugha moja hakibaki kimefungiwa huko, kinahama naye. Kusoma ndo mfano mkubwa. Shule hii inaanza kusomesha kwa lugha ya nyumbani kwanza, herufi, silabi, hadithi fupi, na lugha ya pili wanaitumia kwa mdomo tu mwaka wa kwanza, nyimbo, maagizo, michezo. Wazazi wengine walilalamika sana, mtoto wa jirani shule nyingine tayari anasoma lugha ya pili na wetu bado. Sasa mtoto anayesomeshwa kwa lugha asiyoielewa anaweza kutamka ukurasa mzima bila kushika chochote, anatoa sauti tu, na mzazi anafurahi. Wa kwangu alivyoshika kusoma kwa lugha ya nyumbani kuhamia ya pili hakukumchukua muda mrefu, ni kama mtu aliyejifunza kuogelea ziwani, ukimpeleka baharini atakuta chumvi na mawimbi ila kuogelea haanzi upya.

Kuna hofu moja lazima niizungumzie manake inawatoa watoto kwenye hizi programu kabla hata hazijaanza kuzaa matunda, hofu ya mtoto kuchanganyikiwa. Nimeisikia kwa wazazi, kwa mashangazi, hata kwa mwalimu mmoja wa shule nyingine. Haikutoka hewani, miaka ya 1920 kulikuwa na tafiti, mojawapo ya Wales mwaka 1923, zilizosema watoto wa lugha mbili wana akili pungufu. Ubaya wake zilikuwa zinalinganisha watoto ambao maisha yao hayafanani, na mara nyingi mtoto anapimwa kwa lugha ambayo ndo kwanza anajifunza. Mwaka 1962 watafiti Elizabeth Peal na Wallace Lambert kule Montreal, Kanada, wakapima upya watoto wa miaka 10, safari hii wakawa makini hali za familia zilingane, wakakuta wa lugha mbili wanafanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya lugha na hata visivyo vya lugha. Wapo waliokuja kusema baadaye kwamba faida ilikuzwa kidogo, sawa, hilo linajadilika, lakini ile habari ya kuharibika akili ilishazikwa zamani na inashangaza bado inatembea midomoni mwa watu.

Mtoto kuchanganya maneno ya lugha mbili kwenye sentensi moja ndo kunawatisha wengi. Mwangalie vizuri anachanganya na nani. Wangu wakiwa wawili wenyewe kwa wenyewe wanachanganya mpaka basi, akiingia bibi yao anayejua lugha moja tu wananyooka papo hapo, bila kuambiwa na mtu. Mtoto aliyechanganyikiwa asingeweza kufanya hivyo. Na mtoto mwenye ugumu wa kujifunza lugha naye asitolewe haraka haraka, watafiti waliowafuatilia watoto kama hao hawajakuta kwamba lugha ya pili ndo inawaongezea tatizo, wanachelewa kwenye lugha zote mbili kama ambavyo wangechelewa kwenye moja, kinachohitajika ni msaada na siyo kumpunguzia lugha moja hasa kama ndo ya mama yake.

Haya, madarasa ya juu sasa. Hapa ndo nyota zinapodondoka.

Mwanangu alivyoingia la nne ratiba ikabadilika bila mzazi kuulizwa. Lugha ya nyumbani ikageuka somo, vipindi vichache kwa wiki, na hisabati, sayansi, jiografia, kila kitu kikahamia lugha ya pili moja kwa moja. Nilipouliza nikajibiwa watoto wameshaiva, msikilize anavyoongea, hana shida. Ni kweli anaongea vizuri sana, uwanjani huwezi kumtofautisha na yeyote. Lakini kuongea uwanjani na kusoma kitabu cha sayansi ni vitu viwili, na Cummins huyo huyo alivitenganisha mwaka 1979. Lugha ya mazungumzo mtoto anaweza kuishika ndani ya miaka 2 hivi, kwa sababu kwenye mazungumzo kuna sura ya mtu, mikono, kitu chenyewe kipo mbele yenu. Lugha ya masomo, ile ya kueleza sababu na matokeo, kulinganisha, kusoma aya ndefu isiyo na picha, hiyo inachukua miaka 5 mpaka 7 na wengine zaidi. Kwa hiyo mtoto anaachishwa lugha yake njiani kabisa, wakati ya pili haijafika mwisho wa safari, na anayemwachisha anadanganywa na lafudhi.

Nina daftari lake la sayansi la darasa la nne bado nimelitunza. Swali lilikuwa kueleza kwa nini nguo zinakauka haraka siku ya upepo. Kaandika mstari mmoja kwa lugha ya pili, upepo unakausha nguo, basi, mwalimu kampa alama moja kati ya nne. Jioni nikamuuliza swali lile lile kwa lugha ya nyumbani, nikapewa mhadhara. Maji yanageuka mvuke yanakaa karibu na nguo, upepo unakuja unauondoa ule mvuke, mengine yanapata nafasi ya kutoka, af akaongeza kwamba ndo maana siku ya mawingu mazito hewa ikiwa imejaa unyevu nguo zinachelewa hata kama kuna joto. Alama nne zote zilikuwepo kichwani, karatasi haikuziona. Na ripoti ya mwisho wa muhula ikaandika sayansi wastani, aongeze bidii. Bidii gani? Mtoto anajua!

Mambo ya namna hii yameshafika mpaka mahakamani. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi ya Lau dhidi ya Nichols, wazazi wa watoto Wachina wa San Francisco walikuwa wanalalamika kwamba watoto wao wanakalishwa darasani bila kuelewa lugha na bila msaada wowote, mahakama ikasema kuwapa watoto wote vitabu vile vile, walimu wale wale na mtaala ule ule hakuleti usawa kama wengine hawaelewi lugha inayotumika. Ukiisoma hukumu ile kisha ukaangalia ripoti ya mwanangu unaona kabisa ni kitu kimoja, ila huku kimefanywa taratibu na kwa tabasamu.

Na hii ya kukata lugha ya nyumbani mwaka wa tatu au wa nne inafanywa kama sheria ya maumbile, wakati majaribio yapo yaliyokwenda mbali zaidi. Linalonigusa kuliko yote ni la Ife, Nigeria. Mwaka 1970 Profesa Babs Fafunwa na wenzake walichukua watoto wakawafundisha masomo yote ya msingi kwa Kiyoruba miaka yote 6, Kiingereza kikafundishwa kama somo na mwalimu aliyebobea kwenye Kiingereza, halafu wakawalinganisha na watoto waliofuata utaratibu wa kawaida wa kuhamia Kiingereza baada ya miaka 3. Waliosoma miaka 6 kwa lugha yao walifanya vizuri zaidi kwenye masomo, na kwenye Kiingereza chenyewe hawakuachwa nyuma. Hebu lifikirie hilo kidogo, saa chache tu za Kiingereza zenye mwalimu mzuri ziliwatosha, kwa sababu hawakupoteza miaka mitatu ya hisabati na sayansi wakibahatisha maana. Wayne Thomas na Virginia Collier nao walipitia kumbukumbu za wanafunzi wengi sana Marekani miaka ya 1990 na kuendelea wakaona picha inayofanana, programu zinazokata mapema zinaonekana nzuri mwanzoni, watoto wakipanda madarasa ya juu pengo linarudi, na zile zinazoendelea na lugha zote mbili kwa miaka mingi ndo zinaliziba.

Sasa kuna wanaojibu kwa mfano wa Kanada. Na mfano ni wa kweli, Saint-Lambert pale Quebec mwaka 1965 wazazi waongeaji wa Kiingereza walidai watoto wao wazamishwe kwenye Kifaransa tangu chekechea, Kiingereza kikaja kuingia taratibu baadaye, na watoto walitoka salama, Kiingereza chao hakikufa, Kifaransa kikawa bora mara nyingi kuliko cha wenzao waliosoma kama somo tu. Shule kibao zinautumia mfano huu kuuza darasa la lugha ya pili tupu toka siku ya kwanza. Wanachoruka ni kwamba wale watoto lugha yao ya nyumbani ilikuwa ndo lugha yenye nguvu, iko kwenye vitabu, redioni, maofisini, wazazi wao wanasoma na kuandika kwayo, hakuna namna ingeweza kupotea. Ukimchukua mtoto ambaye lugha yake haina vitabu shuleni, haina heshima ofisini, ukamzamisha vile vile, huyo humwongezei lugha, unambadilishia moja kwa nyingine. Kwa hiyo shule ikikutajia Kanada waulize lugha ya nyumbani ya watoto wenu inakaa wapi nje ya darasa, jibu la hapo ndo linaamua.

Vitabu. Hapa sina maneno mazuri. Rafu ya lugha ya nyumbani kwenye maktaba ya shule imejaa hadithi za wadogo, za picha, nzuri kweli, zikishaisha hizo hakuna kitu. Mtoto wa miaka 10 anayetaka kusoma habari za volkano au za sayari kwa lugha yake hapati hata kimoja, na kwa lugha ya pili kuna kabati zima. Mtoto haambiwi kwa mdomo kwamba lugha yake ni ya watoto wadogo, kabati linamwambia. Walimu wanajitahidi, wanachapa vitini usiku wanatoa kopi, zingine zimefifia hazisomeki, na kila mwalimu ana istilahi zake kwa hiyo mtoto akihama mkondo anakuta kitu kile kile kina jina lingine. Ufilipino ilianza mwaka 2009 kufundisha madarasa ya chini kwa lugha za watoto, 2013 ikaingizwa kwenye sheria, halafu 2024 sheria mpya ikaondoa ulazima wake, na kati ya malalamiko makubwa yaliyokuwa yanasikika miaka yote hiyo ni vitabu kutotosha na walimu kutoandaliwa. Lugha ilibebeshwa lawama za maktaba.

Siasa nazo zinavuruga. California mwaka 1998 wapiga kura walibana programu za lugha mbili, mwaka 2016 wakapiga kura tena kuzifungulia, zaidi ya asilimia 70 wakakubali. Katikati hapo kuna kizazi kizima cha watoto kilishapita madarasani. Mtoto ana darasa la kwanza moja tu.

Niseme na mazuri ya madarasa ya juu manake yapo. Kikao kimoja cha wazazi kilichemka, watu walikuja na madaftari, na shule ikasikiliza, hilo nawasifu. Sayansi ya la nne na la tano imerudishiwa vipindi vya lugha ya nyumbani, na kuna mwalimu mmoja wa kike, Mungu amzidishie, anafundisha kwa njia ambayo asili yake ni Wales, mtaalamu wa elimu wa huko, Cen Williams, ndo aliyeipa jina miaka ya 1990, kwa Kiingereza wanaiita translanguaging, baadaye ikaenea dunia nzima. Watoto wanasoma habari kwa lugha moja, wanaijadili kwa vikundi kwa lugha wanayoiweza zaidi, halafu wanaandika kwa lugha ile nyingine. Huwezi kunakili, kwa sababu ulichosoma na unachoandika haviko lugha moja, lazima uelewe kwanza. Nimeona insha ya mwanangu kuhusu mmomonyoko wa udongo aliyoiandika hivyo, imejaa makosa ya sarufi ila ina hoja, ina sababu, ina mfano wa kilima alichokiona mwenyewe. Ukiilinganisha na ule mstari mmoja wa upepo huamini ni mtoto huyo huyo na haujapita hata mwaka.

Lakini ni mwalimu mmoja. Akihama je? Programu nzuri haitakiwi kukaa begani kwa mtu mmoja, inatakiwa iwe kwenye ratiba, kwenye mafunzo ya walimu wapya, kwenye mitihani. Mitihani ndo bado kabisa, mpaka leo mtoto anapimwa kwa lugha ya pili tu kuanzia la nne, kwa hiyo hata vile vipindi vilivyorudishwa watoto wakubwa wanaanza kuviona kama vya mapumziko, na wazazi nao wanauliza vina alama? Shule ikitaka lugha iheshimiwe iitungie mtihani.

Kitu kingine kilichonikera, na hiki kitoke kabisa, kuna barua ilitumwa nyumbani ikishauri wazazi tuongee lugha ya pili na watoto jioni ili wazoee. Hapana jamani. Mzazi anaongea lugha aliyo na nguvu nayo, hiyo ndo anaweza kumsimulia mtoto, kumuuliza maswali marefu, kumkanya, kumfariji. Mzazi anayehangaika na lugha ya pili anaishia kumpa mtoto maagizo mafupi mafupi tu, njoo, kaa, lala, na mazungumzo ya nyumbani yanakonda. Hadithi ndefu unayomsimulia kwa lugha yako leo itamsaidia kuandika insha ya lugha ya pili kesho, kwa ile ile hazina niliyoisema juu. Barua ile siifuati na mwalimu wa darasa nilimwambia kwa heshima kwamba siifuati, akanielewa.

Wanaohamia katikati pia hawajaandaliwa vizuri. Kuna mtoto aliletwa la nne hajui kabisa mojawapo ya lugha hizi, akakalishwa nyuma na mwenzake wa kumnong'oneza, hakuna mwalimu wa kumsaidia pembeni, hakuna mpango wa maandishi. Kwa mtoto wa chekechea shule hii ni chaguo zuri sana, kwa mtoto anayeingia la nne akitokea lugha moja, kwa sasa nisingeishauri mpaka waweke huo msaada.

Kama unatafuta shule ya namna hii popote ulipo, omba ratiba halisi ya la tano, usiridhike na ya chekechea manake ya chekechea kila shule inapendeza, uone somo gani linafundishwa kwa lugha gani mpaka darasa la ngapi. Uliza walimu wa lugha mbili wanapanga saa ngapi pamoja na kama muda huo unalipwa au wanaiba kwenye mapumziko yao. Ingia maktaba uangalie vitabu vya watoto wa miaka 10, hesabu kwa macho tu rafu ya kila lugha. Omba kuona karatasi ya mtihani. Na usikilize mwalimu anafanyaje mtoto akijibu kwa lugha ambayo siyo ya kipindi hicho, akimpa sentensi na kuendelea uko pazuri, akimwaibisha ondoka na mtoto wako, hapo hakuna programu ya lugha mbili hata kama imeandikwa ukutani kwa rangi zote.

Mdogo wake anaendelea hapo hapo, la chini lile sijaona la kulilinganisha nalo. Ombi la vitabu vya sayansi kwa lugha ya nyumbani na mtihani wa lugha zote mbili kwa la nne tumeshaliandika, litajadiliwa kwenye kikao kabla shule hazijafungwa. Wenye watoto wa la tatu mwaka huu hasa mje, ratiba ya watoto wenu ndo inapangwa siku hiyo.